Mawe Meupe ya Siku ya Bahari

Shule niliiacha darasa la sita, baba alipovunjika mguu na shamba la minazi likakosa mtu. Sikuwahi kujuta. Lakini pia sikukanyaga tena darasani, hata mwanangu alipokuwa anaitiwa mzazi, nilimtuma mama yake. Aliyenirudisha ni mpwa wangu Eparama, alipohamishiwa kufundisha kijijini kwetu.

Eparama ni mtoto wa marehemu dada yangu. Kwetu Fiji mpwa si mtu wa kupita tu. Akija kijijini kwa mama yake akamtazama nguruwe wako mara mbili, huyo nguruwe si wako tena. Haombi, anachukua. Na wewe mjomba unacheka na kumtafutia kamba. Ndivyo tulivyolelewa, na sijasikia mtu akilalamika, isipokuwa nguruwe.

Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukichukua. Chaza wakubwa, wale wenye mdomo wa buluu.

Wazee wetu waliwala mpaka wakawamaliza. Halafu kikaja kimbunga kikavunja matumbawe kama sahani. Baadaye watu wa idara ya uvuvi wakatuletea mbegu za chaza kwenye ndoo, kila mmoja kama ukucha wa kidole gumba. Chifu akaufunga mwamba wa upande wa mashariki, mtu asivue, asitie nanga, asipite hata na mkuki. Akaniweka mimi kuulinda. Hakuniuliza kama nataka.

Nikawa nashuka kila bahari ikitulia. Kuna konokono fulani mdogo, mwembamba, anamtoboa chaza na kumnyonya. Nilikuwa nawatoa mmoja mmoja kwa vidole. Watu walinicheka. "Kelemedi anawachana chaza wake chawa," walisema wakinywa kava, kinywaji chetu cha mizizi. Wacha wacheke. Wale wa ukucha wakawa kama kiganja, wakawa kama sufuria, mpaka mwishowe kukawa na wengine ambao huwezi kuwabeba kwa mkono mmoja.

Chaza wa namna hii hazai mapema. Lazima awe mtu mzima, na awe na mwenzake karibu, maana mbegu zao zinakutana majini. Kwa hiyo kazi yote ile ilikuwa kungoja. Mwaka jana, ukingoni ambako mwamba unakatika kuingia kilindini, kwenye ufa ambao chaza wangu wawili wa kwanza kabisa wamejibana, nikaona kitu kidogo kinafungua mdomo. Kama ukucha. Hakuna mtu aliyekipanda.

Nilipanda juu, nikashika ubavu wa mashua, nikalia kama mpumbavu. Nilimwonyesha mtu mmoja tu, kitinda mimba wangu Salaseini, mwenye miaka tisa. Nikamwambia asimwambie yeyote. Akasema, "Hata Mwalimu Eparama?" Nikamwambia, "Huyo nitamwonyesha mwenyewe. Siku yake ipo."

Nilimaanisha hivyo.

* * *

Salaseini alikuwa haipendi shule. Kila Jumatatu tumbo lilimuuma, Ijumaa jioni lilipona. Walimu waliotangulia walikuwa wakiandika ubaoni, watoto wananakili, kengele inalia, basi. Eparama akaja na siku zake. Alikuwa na kalenda ukutani, kila mwezi una siku ya kitu fulani duniani, na siku hiyo ikifika darasa zima linageuka.

Siku ya Maji aliwaambia kila mtoto alete chupa ya maji kutoka anapokunywa. Wakazipanga dirishani, wakatia dawa, wakasubiri rangi igeuke. Chupa chafu kuliko zote ilitoka kwenye tangi la Maciu, mkuu wa kijiji chini ya chifu. Kijiji kilicheka wiki nzima. Maciu alipita na kofia imeshuka mpaka machoni, kisha akapanda juu ya tangi lake, akatoa chura aliyekufa.

Siku ya Nyuki walikaa kimya kando ya bustani ya mboga, wanahesabu nyuki, watoto ambao kanisani hawawezi kukaa kimya hata sala moja. Salaseini akaanza kuamka kabla yangu. Tumbo likapona. Akawa anarudi na maswali. "Baba, konokono wako anamjuaje chaza gizani?" Sikujua. "Basi nitamuuliza Mwalimu," akasema, kwa upole, kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

Kwa hiyo Eparama alipokuja kwangu na mizizi ya kava imefungwa vizuri, akaiweka mbele yangu kwa heshima zote, nilikuwa tayari nampenda zaidi ya kiasi.

"Mjomba, Siku ya Bahari inakuja."

"Bahari nayo ina siku? Hizo nyingine zote ni za nani?"

Akacheka. "Nataka darasa lishuke kwenye mwamba wako."

"Umefungwa."

"Najua. Si kuvua. Watoto wanajifunza bahari kwa chaki, Mjomba. Bahari iko hapo nje, naisikia ninapofundisha, nami nachora samaki ubaoni. Ni aibu."

"Darasa zima litakanyaga."

"Hawatakanyaga. Kutazama na kupima tu. Kila mtoto awe na chaza wake, ampime kila muhula, ajue anavyokua. Ukiwa na wako, unamlinda. Wewe mwenyewe si ulijifunza hivyo?"

Alikuwa amenishika pabaya.

"Naapa, hakuna mkono utakaogusa," akasema. "Kwa jina la mama."

Dada yangu tulimzika siku ya mvua, na kijana huyu alikuwa ameshika mkono wangu, si wa baba yake. Nikaipokea kava ile. Nikapiga makofi kama inavyotakiwa.

Tatizo likawa moja. Chaza aliyekomaa huota majani na uchafu wa bahari juu ya gamba, ukipita unamwona kama jiwe la kawaida. Mgeni anaweza kuogelea juu ya kumi asimwone hata mmoja. Mtoto atamjuaje wake muhula ujao? Eparama akapata jibu. Watoto wakaokota mawe ufukweni, wakayapaka rangi nyeupe darasani, kila mmoja akaandika jina lake kwa rangi nyeusi. Kila jiwe likae kando ya chaza mmoja.

"Akili hiyo," nikasema.

Mimi ndiye niliyeyashusha mawe yale. Nilizama nayo, nikayaweka kwa mkono wangu, moja baada ya jingine, nikihakikisha hayambani mtu. Ila kwenye ule ufa wa ukingoni, kwa yule mdogo, sikuweka hata moja.

Watoto waliposhuka, wakiwa na miwani ya kuzamia ya kuazimana, nilisimama majini kama polisi. Hakuna aliyekanyaga. Walielea juu juu kimya kama majani. Kivuli cha mtoto kikipita, chaza anafunga mdomo, nao wanacheka ndani ya maji, unaona mapovu tu. Salaseini alimwita wake Bibi. "Kwa sababu ana mdomo mkubwa na hapendi kuguswa," alisema. Mama yangu alikuwa hivyo hasa.

Darasani walibandika michoro ukuta mzima. Nilikwenda kuiona. Nilisimama mlangoni kwanza, halafu nikaingia, nikakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakinigusa kidevu, na Eparama akaniambia niwaeleze habari za yule konokono. Nikaeleza. Waliniuliza maswali mpaka kengele ikalia na hakuna aliyenyanyuka.

* * *

Habari zikafika wizarani. Wakasema Siku ya Bahari watakuja wenyewe, bibi mmoja mkubwa na watu wake, waone darasa hili linalofundishwa baharini. Huenda shule ikafanywa ya mfano.

Kijiji kikakutana. Wageni wa heshima, watakula nini?

"Nguruwe wapo," nikasema. "Magimbi yapo. Samaki tutavua upande wa magharibi."

"Nyama ya nguruwe wageni watakula hata kwa wenzetu," Maciu akasema. "Mtu atoke Suva, avuke bahari, aje ale nguruwe? Mababu zetu mgeni mkubwa walimpa kitu cha mahali, kile ambacho hakipatikani kwingine."

"Basi mpe yule chura wa tangini kwako," mmoja akasema. Watu wakaanguka kwa kicheko, na mimi pia. Nilipofuta machozi nikaona Maciu hacheki. Alikuwa akimtazama Eparama. Eparama alikuwa akiutazama mkeka.

Niliona. Sikufikiri kitu.

Siku moja kabla ya sherehe Eparama akaja nyumbani. "Mjomba, naomba uende mjini Savusavu na lori ukachukue viti na turubai."

"Vijana wapo."

"Vijana wataonja kava kila nyumba, warudi Krismasi. Wewe ndiye ninayekuamini."

Nikaenda. Lori halirudi siku hiyo hiyo, nikalala kwa binamu yangu, tukazungumza habari za mpwa wangu. Nilimsifu mpaka binamu akaomba tulale.

Nikarudi asubuhi, viti vinagongana nyuma, nikakuta wageni wamekwisha kufika. Maua shingoni, watoto wanaimba. Eparama alikuwa amevaa shati jeupe, alinipokea kwa mikono miwili lakini hakunitazama. Nikasema ni wasiwasi, bwana harusi pia huwa hivyo.

Mambo yalikwenda vizuri. Bibi wa wizara alisema bahari ni mama yetu sote. Salaseini akasimama mbele na mchoro wake, akaeleza habari za Bibi, upana wake na rangi ya mdomo wake, na kwa nini lazima aachwe mpaka awe na wajukuu. Bibi wa wizara akafuta macho. Ratiba ilisema baada ya chakula wageni wapelekwe kwa mashua wakaone.

Kikaja chakula.

Mtu aliyekaa miaka kando ya kitu hakosei. Vipande vyeupe vimekatwa vyembamba, ukingo mmoja una buluu kidogo, vimelala kwenye tui la nazi na limau na pilipili. Sahani iliwekwa mbele yangu na mke wa Maciu, akaondoka upesi.

Maciu alikuwa mkabala nami, anatafuna haraka.

"Hii imetoka wapi?" nikamuuliza.

"Baharini," akasema. Waliokaa karibu wakacheka. Walicheka kwa namna moja wote, nikajua kwamba wote walikuwa wanajua. Kijiji kizima. Tusiojua tulikuwa mimi, wageni na watoto.

"Kula, Kelemedi," akasema kwa sauti ya chini. "Usituaibishe."

Nilinyanyuka. Nyuma ya jiko magamba yalikuwa yamerundikwa chini ya makuti, bado yana maji, na mbwa wanayalamba. Sikuhitaji kuyageuza. Niliyajua kama nyuso.

Eparama akanifuata.

"Mjomba, nisikilize kwanza."

"Sema."

"Hakuna mwiko uliovunjwa. Nimeuliza wazee. Mtu mwingine angechukua, ingekuwa mwiko. Nimechukua mimi. Mimi ni mpwa, hii ni haki yangu kwenye kijiji cha mama. Wao wasingeweza, ndiyo maana waliniomba mimi."

"Na mimi ukanipeleka kufuata viti."

Akamfukuza mbwa mmoja kwa mguu.

"Niliwaambia vijana wachukue wachache wa pembeni," akasema. "Lakini mawe yalionekana toka kwenye mashua. Walikwenda jiwe kwa jiwe. Nilipofika walikuwa wamemaliza."

"Jiwe la Salaseini?"

"Yote, Mjomba." Akaanza kusema haraka haraka. "Lakini fikiria, shule ikiwa ya mfano tutapata maabara. Tutapata vitabu. Watoto hawa hawatakuwa wa kuangua nazi kama..."

Akaacha hapo.

"Malizia," nikasema.

Akageuka kutazama kama wageni wanasikia.

"Uliniapia kwa jina la mama yako."

"Mama angeelewa."

Nilimtazama mdomo. Ulikuwa na tui pembeni.

Safari ya mashua waliifuta. Maciu alisimama akawaambia wageni kwamba kwa bahati mbaya bahari imechafuka upande wa mashariki. Bahari ilikuwa imelala kama mkeka. Nilimsikia Salaseini akisema, "Haijachafuka! Mwalimu, mbona haijachafuka?" na mwanamke mmoja akamvuta mkono akampa soda. Bibi wa wizara akasema hakuna neno, ameona ya kutosha. Akapiga picha ukuta wa michoro.

* * *

Jumatatu niliyapakia magamba kwenye toroli nikayasukuma hadi shule. Yalikuwa yananuka. Sikugonga mlango. Niliingia, nikaanza kuweka gamba moja juu ya kila dawati, na kando yake jiwe jeupe lenye jina la mtoto, maana Jumapili, badala ya kanisani, nilishuka kuyafuata mawe. Hayo yalikuwa bado yamekaa pale pale nilipoyaweka.

Eparama alikuwa ubaoni na chaki. "Mjomba. Si mbele ya watoto."

"Kwa nini? Somo si lao?"

Nikamaliza. Nikasimama mbele, mahali pake, nikawaambia, "Pimeni."

Mtoto mmoja wa mbele, kwa mazoea tu, akachukua rula. Akaiweka juu ya gamba. Halafu akasoma jina kwenye jiwe, akaliona ni lake, akaishusha rula polepole.

Nilikuwa namtazama Eparama. Nilitaka nimwone akivunjika. Nilikuwa nimelipanga jambo hilo siku mbili. Lakini sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Baba," Salaseini akasema. Alikuwa ameshika gamba la Bibi kwa mikono yote miwili. "Mimi nilikula."

"Kaa kimya, mwanangu."

"Nilikula. Ilikuwa tamu. Niliomba niongezewe." Kisha akaanza kulia, na kilio kikatambaa dawati hadi dawati, kwa sababu wote walikuwa wamekula, na wengi walikuwa wameomba waongezewe. Mmoja akatapika.

Nilikwenda pale kumwaibisha mtu mzima mmoja. Nikatoka na toroli tupu, na nyuma yangu darasa zima linalia, na Eparama amepiga magoti katikati ya madawati akijaribu kuwashika wote. Yeye ndiye waliyemkimbilia, si mimi. Hilo nalo nililiona.

* * *

Wakaja kuomba radhi. Maciu na wazee, na Eparama nyuma yao, kichwa chini, amebeba jino la nyangumi kwa mikono miwili. Kwetu jino la nyangumi halikataliwi. Mtu akiua, ndugu zake wakaleta jino, linapokelewa, na neno linakwisha. Wazee walisema maneno yote yanayosemwa. Salaseini alikuwa amekaa mlangoni anamenya muhogo.

Nikalipokea. Nikasema nimesamehe, kwa sababu hayo ndiyo maneno yanayofuata. Wazee wote wakashusha pumzi pamoja, makofi yakapigwa, kava ikakorogwa. Maciu akaanza hata mizaha. "Kelemedi sasa atapata muda wa kuchana chawa wa mke wake."

Eparama akasogea karibu yangu. Alikuwa amekonda. Alinishika goti kama alivyokuwa akinishika utotoni.

"Asante, Mjomba. Sitasahau." Akangoja kidogo. "Wizara wameipenda shule. Wanasema Siku ya Bahari mwakani watarudi, na safari hii wanataka kushuka wenyewe majini. Nimefikiri. Kama kuna wengine waliobaki, hata wawili, hata mmoja, tungeanza nao upya. Mimi na wewe na watoto. Bila mawe. Wapo, Mjomba?"

Macho yake yalikuwa ya dada yangu. Na nadhani alimaanisha. Hata ile siku ya kwanza, alipoweka kava mbele yangu, nadhani alimaanisha.

Mlangoni kisu cha Salaseini kilisimama.

"Hakuna," nikasema. "Mlimaliza."

Salaseini alinitazama, muda mfupi tu. Kisha akainamisha kichwa, akaendelea kumenya muhogo.